Kosa la Kisilu kwa Madam Mbinya

Kijiwe chetu kiko katika mtaa wa Tena, kwenye kona ya transfoma: ubao mmoja juu ya mawe, birika la Magan, muuza kahawa ya tangawizi, na wanaume ambao asubuhi hii walipaswa kuwa mahali pengine. Waziri hupenda kutoa matamko, ingawa wizara yake ni geti analolinda usiku. Odera tunamwita VAR, kama ile video ya marefa wa mpira, maana hakuna jambo linaloisha kabla hajalirudisha nyuma. Mimi ni Degree. Nilisomea usimamizi wa wafanyakazi na sijawahi kuwa mfanyakazi. Leo kesi ni ya Kisilu, anayefuma sweta za shule kwa mashine ya Madam Mbinya. Jana Madam alimwambia performance yake iko chini, arudi leo mchana asikie kama bado ana kazi.

— Iko chini ya nini? nikamuuliza.

— Hakusema.

— Si ungeuliza, buda!

— Niliuliza. Akasema mtu mzima haambiwi.

— Wewe uko slow, VAR akaamua.

— Slow? Mwanzoni nilifuma mpaka sweta zikakosa pa kuwekwa. Akasema namaliza uzi wake. Nikapunguza, nikawa makini na kola. Akasema nimelala. Siku moja wateja wamepanga laini, nikawahudumia. Akauliza nani amenituma kwa kaunta.

— Basi shida ni sura, Waziri akatamka. Una sura ya mtu anayedai. Chekacheka kidogo.

— Nilicheka wiki nzima. Akaniuliza nimekunywa nini.

— Unasali wapi?

— Kanisa lake. Nilihamia juzi.

— Ngoja, ngoja, turudi nyuma! VAR akainua mkono. Pale ukutani kwake kuna picha ya mfanyakazi wa mwezi. Ni ya nani?

— Muoki. Mtoto wa dada yake.

— Hufanya nini?

— Huwa haji.

— Imeisha hiyo! Target ni kutokuja. Ukionekana, makosa yako yanaonekana. Muoki hajawahi kuharibu hata sweta moja, ama nadanganya?

Hapo nikashindwa kunyamaza.

— Nyinyi mko na wazimu! Duka lina mashine mbili na watu watatu. Ni ngumu gani kusema, Kisilu, nataka sweta kadhaa kwa siku, kola zisilegee, Ijumaa tuketi tuangalie pamoja? Hiyo ni maongezi ya kikombe kimoja cha chai! Mtu akijua anapimwa na nini, hata akifutwa anajua ameangukia wapi. Huyu mama anaficha goli halafu anakasirika hujafunga!

— Magan, mwongezee msomi kahawa, Waziri akasema. Atalipa na cheti.

Wakacheka wote isipokuwa Kisilu.

— Kufutwa ni kufutwa, akasema. Nitatafuta kazi ya mjengo. Lakini mke wangu Kamene ataniuliza nyumbani, baba, umefanya nini huko? Nataka tu niwe na kitu cha kumwambia.

Ndipo msichana mmoja akasimama mbele yetu, dustcoat mpya ya kazi mkononi, bado ina mikunjo ya dukani.

— Hamjambo. Kwa Madam Mbinya wa sweta ni wapi?

— Unachukua oda? Kisilu akamuuliza.

— Hapana, naanza kazi leo. Mashine ya kufuma. Amesema nifike mchana, aliyekuwepo atakuwa ametoka.

Hakuna aliyethubutu kumwangalia Kisilu. Yeye mwenyewe aliinuka taratibu, akamwonyesha kwa kidole.

— Geti ile ya bluu. Mashine hukwama upande wa kushoto. Usiilazimishe.

— Asante, kaka. Naitwa Nekesa. Madam ameniambia tu nijikaze, nisiwe kama huyo mwingine. Kwani huyo mwingine alikuwa anakosea nini, ndiyo nisirudie?

Waziri akachungulia ndani ya kikombe. VAR akakumbuka simu yake. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa slippers.