Mwalimu Anatolia na Jiwe la Chini

Mwalimu Anatolia Ndyamukama amefundisha Jiografia katika shule yetu hapa Muleba kwa miaka thelathini na minne, na tarehe 30 Juni anastaafu rasmi. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, walimu wote wakaanza kukohoa: huyu ana mitihani ya kusahihisha, yule ana mgonjwa Bukoba. Kazi ikamwangukia dereva. Hawakukosea. Mimi Gozbert niliishia darasa la saba, lakini nimefika Kampala, Kigali hadi Mombasa, na dunia naijua. Tena ndimi niliyempeleka Mwalimu huyu safari ambazo wengine hawazijui.

Alikuja kutoka Maruku akiwa binti mwembamba mwenye sanduku la bati. Kidato cha kwanza wa wakati ule walidhani dunia ni rika la babu zao. Hakubishana nao. Aliwapeleka kwenye kibanja, shamba la migomba la shule, akachimba shimo chini ya mgomba, akawaonyesha matandazo: nyasi za mwaka huu juu, bado za njano, za mwaka jana chini yake, nyeusi, za zamani zaidi zimeshakuwa udongo. Iliyo chini ilitangulia. Kisha akawapandisha hadi kwenye jabali nyuma ya mabweni, lenye matabaka kama chapati zilizopangwa, akawaambia wasome wenyewe.

Umri wa mwamba aliufundisha kwa kahawa. Alisema ndani ya miamba mingine kuna madini yanayogeuka polepole kuwa kitu kingine, na kila muda fulani ukipita, nusu tu hubaki. Basi watoto walitikisa punje zilizokobolewa ndani ya kopo na kuzimwaga mezani. Zilizolala kifudifudi zilitolewa, zilizobaki zikarudi koponi. Mara ya kwanza nusu, halafu nusu ya nusu. Mwalimu wa Hesabu alilalamika kwamba wanafunzi wanapenda kahawa kuliko aljebra. Hata mimi nilicheza siku moja nilipofuata funguo, nikashinda, ingawa baadaye niliambiwa mchezo ule hauna mshindi.

Wapo wanafunzi wake walio migodini Geita leo, wamevaa kofia ngumu na wanaitwa mabosi. Hilo tulipigie makofi. Lakini wasifu unaosimulia makofi tu ni tangazo la sabuni, na Mwalimu mwenyewe aliniambia, "Gozbert, ukiandika, mwandike na Dastan."

Dastan alikuwa kidato cha pili, mtoto wa Mzee Karugendo, mkulima wa kijiji cha ng'ambo ya mji. Kila walipofika jabalini aliuliza swali moja. "Mwalimu, na chini ya hilo?" Mwalimu akajibu, "Chini ya hilo kuna kongwe zaidi." "Na chini ya hilo kongwe?" Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Siku utakayolifikia, niletee."

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua ya siku nyingi, Dastan alichukua jembe la bustanini akaenda peke yake. Anayetafuta kongwe huchimba chini, ndivyo alivyofundishwa. Alichimbua kitako cha jabali mpaka sehemu ya juu ikakosa pa kukaa, ikamwangukia. Sisi tuliomfukua tulimkuta na jiwe mkononi.

Wakubwa walikuja, wakauliza maswali, wakasema Mwalimu hana kosa. Ila siku ya mazishi, pale kwenye kibanja chao, Mzee Karugendo alimwita mbele ya watu akamwekea lile jiwe mkononi. "Waitu Mwalimu," akaanza kwa heshima ya Kihaya, "uliliagiza. Mzigo wako huu hapa."

Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili. Hakuomba uhamisho, japo tulimshauri. Tangu hapo jiwe lilikaa juu ya meza yake darasani, na kila Januari, kabla kidato cha kwanza hawajapanda jabalini, tulichora mstari wa chokaa mbali na ukuta wa mwamba. Chokaa nachanganya mimi. Hakuna mtoto aliyewahi kuuvuka, maana mbele ya mstari Mwalimu aliwasimulia Dastan bila kuficha kitu, hata lile neno "niletee".

Na kila mwezi wa nne nilimpeleka kwa Mzee Karugendo. Alikaribishwa, alipewa kiti, aliulizwa habari za shule. Akamwani, yaani kahawa yetu, hakupewa. Mgeni asiyejua desturi ya Wahaya aelewe: kwetu hata mtu aliyekuja kukushtaki hutolewa kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mama Theopista, mke wa mzee, alizunguka nyuma ya nyumba akaniletea punje zangu kwenye gari. "Tafuna, dereva. Wewe huna neno nasi." Njiani nilimgawia Mwalimu. Mwaka baada ya mwaka jibu lilikuwa lile lile: "Zangu bado, Gozbert."

Mwaka huu alikwenda kuaga, na jiwe akalibeba. Mzee Karugendo siku hizi hatoki kitandani bila kushikwa, kwa hiyo niliitwa ndani kumwinua. Nilisikia kwa masikio yangu. Mwalimu alisema, "Baba, nimelirudisha." Mzee akaligeuzageuza mikononi. Halafu akasema, "Mtoto alitufundisha ule mchezo wako wa punje. Hasira yangu nimeimwaga hivyo kila mwaka. Haijaisha, Mwalimu. Sitakudanganya. Imebaki kidogo." Akamwambia mkewe alete kikapu.

Mzee akakinyoosha mwenyewe, Mwalimu akachukua punje moja. Kwenye gari nilimnyooshea zangu kwa mazoea. Akatikisa kichwa. "Leo ninayo," akasema, na hakuitafuna mpaka tulipoipita Muleba mjini.

Mwalimu Anatolia, asante kwa kubaki pale ambapo wengi wetu tungekimbia. Mstari wa chokaa tuachie, tutauchora. Nenda Maruku, migomba yako izae mpaka iegemezwe, na kila nyumba utakayobisha hodi, kikapu kikutangulie mlangoni.