Mtani Aliyekataa Kunizika

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa nje kwenye kivuli, apewe sifa! Mimi Mama Neema wa hapa hapa Zinga nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo peke yake ni muujiza.

Nilijifungua mchana, hospitalini Bagamoyo. Mtoto, ndiye huyu Neema, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza kutoka, ikagoma kukata! Wakanikanda tumbo, wakanichoma sindano, mwishowe ikakata, lakini nyingi ilikwishamwagika. Ndugu zangu, mtu mzima ana lita tano hivi tu mwilini. Karibu nusu ya yangu ilikuwa kwenye mashuka. Wakanitundikia dripu. Nesi akamwambia mume wangu wazi:

"Baba, maji haya yanajaza mishipa tu, hewa hayabebi. Zinazobeba hewa ni chembe nyekundu, na hizo tunazipata kwa mtu. Tunataka kundi O; wewe si O, na iliyopo haimtoshi."

Kaka zangu walikuwa mlangoni pale, wanaume vifua vipana! Kila mmoja akatazama viatu vyake. Mkubwa akanong'ona kwamba damu ikitoka, nguvu za kiume zinakwenda nayo. Mimi nahema juu juu, midomo ya baridi, mtoto simwoni sawasawa. Niliogopa, jamani! Nikasema, Yesu, usinichukue, mwanangu hajanijua.

Akatokea Maganga, fundi baiskeli, jirani yetu Mwislamu. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, na utani wetu mnaujua: kwenye misiba yetu kazi za maziko anazishika yeye, na matusi juu. Mume wangu kumwona tu akaangua kilio, akadhani ameitwa kuchimba kaburi.

"Nyamaza wewe Mzaramo," Maganga akasema, huku anakunja mkono wa shati. "Mkeo akifa kazi ni yangu. Leo sitaki kazi. Sista, nipime!"

Wakampima: O! Kaka zangu kumwona mtani amelala anatolewa damu na huku anacheka, haya ikawashika, wakapanga mstari. Damu ikapimwa, ikatundikwa, ikaanza kushuka tone kwa tone. Kabla ya magharibi nikaomba chai. Aleluya!

Namshukuru Mungu aliyenijibu kwa mkono wa Mwislamu mwenye matusi. Ndugu yangu uliye kwenye shida, mwamini. Nawe uliye mzima, ukiitwa, nyoosha mkono. Damu ukiitoa, mwili unatengeneza nyingine. Neema angetengenezewa wapi mama mwingine?