Pikipiki Inayosukumwa

Benchi lilikaa mbele ya duka lililofungwa siku nyingi, na wenyewe walikuwa walewale: Dizeli, fundi wa gereji ambaye hakuna injini asiyoisema vibaya, Mstaafu, karani wa zamani asiyeamini chochote, na muuza kahawa na birika lake. Nukta, fundi saa, alikuja akiisukuma pikipiki yake ya cc mia tano, kama alivyoisukuma wiki nzima. Akaiegesha, akaketi, akaukalia mkono wa kushoto. Miaka tisa pikipiki hiyo ilimpeleka kazini na kumrudisha, na asubuhi hii mnunuzi alikuwa njiani. Roho ilimuuma.

— Injini imekwisha hiyo, — alisema Dizeli.

— Nzima kabisa.

— Sasa unaisukumia nini?

— Mimi najua, — Mstaafu akadakia. — Ukiwasha tu, setilaiti inakuona. Huyu kuna mtu anamkimbia.

— Namkimbia nani, kaka?

— Utajua mwenyewe!

— Acheni bwana, — alisema muuza kahawa. — Kapata mke wa pili. Mlio ule mtaa mzima unaujua, ataegesha wapi?

Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Nukta akacheka nao. Neno moja tu lingewanyamazisha, lakini akishalitamka, nani atamletea saa tena?

Mnunuzi akafika, muuguzi aliyetoka zamu, helmeti kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akakagua mnyororo, akachungulia oili, akaitikia kwa kichwa.

— Imetunzwa. Mzee, hebu bana klachi, niingize gia.

Nukta akainuka, akaupeleka mkono wa kulia kwenye klachi.

— Klachi ni ya mkono wa kushoto, we mzee! — Dizeli akaangua kicheko. — Umeisahau pikipiki yako?

Muuguzi hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa kushoto, ambao sasa haukuwa na pa kujificha. Ulikuwa unatetemeka wenyewe, vidole vyote.

— Mtetemeko huu umeanza lini, baba?

Nukta akaushika kwa mkono wa kulia. Muuguzi akawageukia wa benchini.

— Nyinyi mnakaa naye kila siku. Umeanza lini?

Dizeli akaitazama injini. Mstaafu akatazama ndani ya kikombe. Muuza kahawa akainua birika, akaona vikombe vyote bado vimejaa, akalishusha.

Wiki nzima walikuwa wakiitazama pikipiki.