Picha ya Mstari wa Nane

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye kile kiti chake cha mbao mkaambiwa mnyooshe shingo na msicheke, familia imeona historia hii niisome mimi, binti yake, kwa kuwa ndiye ninayeshika funguo za duka sasa, na kwa kuwa mdogo wangu amesema akisimama hapa hatamaliza hata sentensi moja.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Usicheke, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na muuza mboga, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, chumba ambacho alikuwa akisema kilinukia gundi kiasi kwamba wageni walisahau walichojia. Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kuhitimu mwaka 1963, hodari wa kuchora kuliko wa hesabu, na siku alipomchora mwalimu mkuu ubaoni na masikio yake yote, alichapwa viboko viwili, kisha akaombwa asifute mpaka mke wa mwalimu aje aone. Aliendelea na sekondari, lakini baba yake alipofariki Septemba 1965, akaacha masomo akiwa kidato cha pili ili wadogo zake wasome.

Mwaka 1966 alipokewa na mpiga picha mmoja mzee mwenye studio nyuma ya soko, ambaye alimfundisha kusafisha picha katika chumba cha giza, na kuzipaka rangi kwa brashi ndogo zile zilizotoka nyeusi na nyeupe, shavuni kidogo, mdomoni kidogo, gauni kama mteja alivyosema. Tarehe 3 Julai 1972 alifungua duka lake mwenyewe, hili hili mnalolijua, akaweka sheria moja, kwamba picha iliyotikisika haitoki mlangoni, hata mteja akisema inatosha.

Mama yetu, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliingia humo akitaka picha za kitambulisho, akacheka ya kwanza, akacheka ya pili, ya tatu akajikaza mpaka mwisho akaangua kicheko tena, na jina la Usicheke likaanzia hapo, ingawa Mama anashikilia mpaka leo kwamba hakucheka bure, aliichekea suruali ya mpiga picha. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1973.

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tarehe 9 Juni 1975, na Mama alimbembeleza kwa wimbo wa mistari minane aliofundishwa na bibi yake. Kila Jumapili Mama alimwomba mumewe ampige mtoto picha, na kila Jumapili alijibiwa, "Huyu si yupo tu, hakimbii, tutampiga wiki ijayo," kwa kuwa kulikuwa na harusi, au wanafunzi wa darasa la saba wanasubiri, au filamu imebakiza picha mbili. Tarehe 11 Machi 1976 mtoto alifariki kwa homa ya mapafu, akiwa na miezi tisa, hana picha hata moja. Siku ya tatu baada ya mazishi Mama alimwambia, "Umepiga picha mji mzima," na neno hilo hakulirudia tena, lakini na wimbo ule hakuuimba tena, si kwangu nilipozaliwa Februari 1979, wala kwa mdogo wangu mwaka 1983. Sisi tulilala kwa mlio wa cherehani. Jambo hili lilimuuma marehemu maisha yake yote, na hatuoni sababu ya kulificha leo.

Mwaka 1991 niliuliza mezani kaka yetu alifanana na nani, Mama akasema na mimi, Baba akasema na mdogo wangu, kisha kila mtu akainamia sahani yake. Kesho yake marehemu alimwomba Mama maneno ya wimbo, naye hakuyaimba, aliyataja kama mtu anayeagiza uzi na vifungo, Baba akayaandika nyuma ya kalenda. Aliona kwamba sura ya mtoto hawezi kuirudisha, lakini ule wimbo mtoto aliokuwa akiusikia anaweza kuupiga picha, mstari kwa mstari, nyeusi na nyeupe, na kuupaka rangi kwa brashi ile ile ya ujana wake.

Mstari wa kwanza unasema, "Nani huyo mlangoni, viatu kashika mkononi," naye akaipiga picha miguu yake mwenyewe ikiwa peku kizingitini, akasema wimbo huu tangu mwanzo ulikuwa unamzungumzia baba aliyechelewa kurudi. Mstari wa nne unasema, "Nguo ziko kambani, upepo unazivaa," akaomba shati la mtoto ambalo Mama alikuwa amelitunza sandukuni, akalianika, akasubiri upepo siku mbili, kisha akaipaka picha rangi ya njano, aliyosema inasikika kwenye wimbo. Mama akaitazama, akasema, "Shati ni la kijani, na rangi hiyo kwenye wimbo haimo." Walibishana juma zima, akairudia kwa kijani. Ndivyo walivyoanza kumzungumzia mtoto wao.

Mistari saba ilimchukua miaka ishirini na moja. Wa nane ukamshinda, kwa kuwa unasema, "Na taa ikizimika, utanijua kwa sauti," na sauti gizani utaipigaje picha? Alipiga taa iliyozimwa, akapiga dirisha jeusi, akapiga kivuli ukutani, na Mama akisukuma kila moja upande wa pili wa meza, "Baba watoto, hii ni picha ya umeme kukatika." Tumezikuta kumi na moja kwenye droo.

Februari 2013 aligundulika na presha ya macho, ikiwa imeshakwenda mbali, na kufikia mwaka 2017 jicho la kushoto lilikuwa limezimika na la kulia limebakiza mwanga mdogo, ambao nao ulikwisha mwanzoni mwa mwaka jana. Agosti moyo ukaanza kumsumbua. Jumamosi, tarehe 18 Novemba 2023, saa nne asubuhi, Mama alimshika mkono akamvusha barabara hadi dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwambia, "Haya, piga." Akamjibu haoni hata dirisha liko wapi. Hapo Mama akaanza kuimba, baada ya miaka arobaini na saba, naye akageuza kamera taratibu kuifuata sauti, mpaka alipoipata, akabonyeza. Mimi nilikuwapo. Hakumwambia asicheke.

Nilipoisafisha, Mama alimweleza ukweli wote, kwamba imekaa upande, na mdomo umetikisika. Akasema, "Iache hivyo hivyo. Ndiyo yenyewe." Ndiyo hiyo mnayoiona hapa mbele, haijapakwa rangi.

Marehemu alilazwa tarehe 27 Februari na kufariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa tisa alasiri, siku tisa kabla ya kutimiza miaka sabini na sita, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari wa macho na wa moyo, wauguzi waliovumilia utani wake, majirani walioleta viti kabla hatujaomba, mama wa chai wa pale mlangoni kwetu, na wapiga picha wenzake waliofunga maduka yao leo. Mama ameniomba nisirefushe, kwa kuwa ana wimbo wa mistari minane, na hataki kuusema, anataka kuuimba.

Pumzika kwa amani, Baba. Mama anaanza.