Mgongo wa Baba Kitabu

Kijiwe cha Merigi kiko kwenye kituo cha kupimia majani chai, pale watu wanapongoja lori la kiwanda, na ajabu yake ni kwamba hapo katikati ya chai hunywewa kahawa tu. Chai, wanasema, ni kazi, na mtu hapumziki na kazi yake. Kahawa huletwa kwa themosi na Thuo, mwenye duka la misumari na mabati, ambaye huitwa Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kosa. Pembeni yake hukaa Kiplangat, yaani Satelaiti, asiyepitwa na habari. Wa tatu ni Johana, mkulima, na tangu binti yake Sally aandike riwaya anaitwa Baba Kitabu. Jina hilo alilipenda mno. Leo halikumfurahisha hata kidogo, maana riwaya ilikuwa imegeuzwa filamu, na Jumapili baada ya ibada ingeonyeshwa kanisani mbele ya majirani wote.

Satelaiti alikuwa na kionjo cha filamu hiyo kwenye simu. Johana alikwisha kukitazama hadi moyo ukamchoka. Msichana anatoka nyumbani na begi, anakwenda mjini kujaribu uandishi. Baba yuko shambani, amempa mgongo, anachuma chai. Basi.

— Huyu ni wewe kabisa, Satelaiti akasema. Hata kofia.

— Kwa kitabu si hivyo, Johana akasema. Kwa kitabu kuna chapta mzima hapo. Baba amenyamaza, sawa, lakini unaambiwa vile anafikiria. Anataka kumwita arudi ambariki. Anaogopa akifungua mdomo atalia mbele ya wachumaji.

— Na kwa muvi?

— Kwa muvi ni mgongo tu.

Hofu ilikuwa imemkaba tangu asubuhi. Waliosoma kitabu hapa Merigi walikuwa wachache. Watakaokuja kutazama watajaza kanisa. Wangerudi nyumbani wakijua Johana ni yule baba aliyemfukuza mtoto bila neno, na nani angewabishia, ikiwa wamejionea kwa macho yao?

— Usijali, Wakili akasema akimimina kahawa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ndio maana walipiga picha ya mgongo.

— Hiyo methali imeingilia wapi? Johana akauliza.

— Imeingia, wacha nimalize. Kitabu ni shamba, muvi ni gunia. Huwezi beba shamba mzima upeleke kiwanda.

— Hata gunia inatakiwa majani mawili na chipukizi ndio kiwanda ikubali, Johana akajibu. Hawa wameleta vijiti.

— Mawazo ya mtu ni ghali kupiga picha, Satelaiti akaingilia. Kuna kamera ya kuona ndani ya kichwa, nimeskia iko Ujerumani. Huku haiwezi fika. Ikipita Londiani baridi inaiharibu.

— Basi tuzime stima Jumapili, Wakili akasema. Kanisa ikiwa giza, mgongo utaonekana aje?

— Kuna jenereta, Satelaiti akasema.

— Basi Baba Kitabu asimame kando ya skrini. Mgongo ikitokea, anasoma ile chapta kwa nguvu.

— Chapta ni ndefu. Mgongo haimalizi hata dakika.

— Si watasimamisha mgongo wamngoje.

Upuuzi mtupu, lakini mtu anayezama hachagui kamba, na Johana alianza kuufikiria kwa dhati. Chapta hiyo aliijua kwa moyo.

— Naweza hata bila kitabu, akasema. Na si hadithi, hiyo siku ilikuwa kweli. Nilikuwa laini ya juu ya chai, majani imejaa, lori iko karibu. Sikiza: “Nenda, mama. Siku dunia ikikuchosha, mlango wangu hauna komeo.”

Satelaiti akavua kofia. Wakili alisema hata mchungaji hajawahi kuhubiri hivyo, na kwamba dairekta aliyeacha maneno kama hayo afaa kushtakiwa.

Mellen, fundi wa nguo aliyehamia Merigi juzi juzi, alikuwa amesimama hapo akingoja Wakili aende kumfungulia duka anunue misumari. Alikuwa amesikiliza kwa adabu.

— Maneno mazuri, mzee, akasema. Sasa hiyo siku yenyewe, Sally akienda, wewe ulimwambia nini?

Wakili akamtazama Satelaiti. Satelaiti akatazama ndani ya kikombe.

Johana akafungua mdomo ajibu. Maneno yalimjia mengi, matamu, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa ya Sally, ya kitabuni; la kwake mwenyewe la siku ile hakulipata.