Kiganja cha Madam Nduku wa Dirisha la Pili

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Nduku Kaveke anastaafu baada ya kuitumikia Sacco yetu ya Tusonge kwa miaka thelathini na mmoja na miezi tisa. Ukiacha likizo, amekosa kazini siku kumi na moja tu. Moja kati ya hizo alikuja, tukamrudisha nyumbani wenyewe kwa sababu sauti ilikuwa imemkauka, na karani wa dirisha la pili bila sauti ni hasara kwa kila mtu, kama nitakavyoeleza.

Mimi ni Wamuyu wa dirisha la tatu. Nimeketi kulia kwake kwa miaka kumi na miwili, kati yetu kukiwa na kioo na chupa yake ya chai, na nimeombwa niandike wasifu huu kwa ukurasa mmoja. Mhariri wa jarida atanisamehe.

Madam Nduku aliajiriwa Februari 1994 katika tawi la Makina, wakati tawi lenyewe lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, na siku ya Ijumaa foleni yetu ilikuwa ikichanganyika na watu wanaoelekea msikitini. Alikuwa na miaka ishirini na minane, ametoka Machakos na cheti cha kupiga taipu. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuandika barua. Mwezi haukuisha, karani wa dirishani akaacha kazi, na meneja akamwomba Madam ashikilie nafasi hiyo kwa muda. Huo muda ndio unaoisha Ijumaa.

Mwaka 2009 alihamishiwa hapa Kawangware, akaja na kalamu zake, kiti chake na tabia yake. Kiti kilivunjika. Tabia ipo mpaka leo, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa hivi. Mwanachama akija kutoa akiba, Madam alimhesabia pesa zake kwa uangalifu, akazipanga juu ya meza, kisha badala ya kuzisukuma chini ya kioo akazifunika kwa kiganja. Halafu akauliza maneno mawili: “Na kesho?” Hakuinua kiganja mpaka ujibu. Ungeweza kusema ni karo, ni kodi ya nyumba, ni matanga, ni kiatu ulichokiona mahali. Hakubishana na jibu lolote. Alitaka tu ulisikie mwenyewe likitoka mdomoni mwako. Mtu mmoja alimwambia kesho anajua Mungu. Madam akamjibu kwamba Mungu hana akaunti tawi hili, mwenye akaunti ni wewe.

Wengi waliudhika, tusidanganyane. Barua za malalamiko zipo kwenye faili na nimezisoma zote nikicheka. Lakini nimeona pia kwa macho yangu mtu akifungua mdomo kujibu, akaufunga, akasema, “Basi nipe nusu.” Hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyowajengea watu nyumba.

Jibu aliliandika kwa penseli nyuma ya fomu ya kutoa pesa, ili siku ukirudi akuulize liliishia wapi. Mwaka 2012 mkaguzi wa hesabu alizifungua fomu hizo, akakuta nyuma ya moja pameandikwa: “Kesho ni harusi ya dadake. Bwana harusi simwamini.” Mkaguzi hakucheka. Aliandika katika ripoti kwamba tawi lina maelezo ya penseli yasiyohusiana na uhasibu, na Madam akatakiwa kuacha. Alikubali mbele ya kamati nzima kwamba hatatumia penseli tena. Jioni hiyo akanunua kalamu ya wino.

Kisha ikaja huduma ya simu. Walioileta walisema itawapendeza vijana, na kwa kweli iliwapendeza kupita kiasi. Nani apande kutoka Gatwekera kwenye matope kuja kupanga foleni, wakati pesa anaweza kuziweka na kuzitoa akiwa amekaa mlangoni kwake? Ndani ya miaka mitatu hatukumwona tena dirishani mtu wa chini ya miaka thelathini, isipokuwa aliyepoteza laini ya simu. Madam Nduku alinuna. Alisema waziwazi kwamba vijana wataichezea akiba, kwamba kitu kinachotoka kwa kubonyeza hakina uzito mkononi.

Hapo alikosea kidogo, na nashukuru kwamba alikiri mwenyewe. Duncan Shivachi wa kitengo cha mifumo ya kompyuta alimletea orodha akamwonyesha. Vijana walikuwa wakiweka akiba mara nyingi kuliko wazazi wao walivyowahi kuweka: hamsini baada ya kuuza soseji za smoki, mia baada ya kusuka kichwa, hata ishirini. Hakuna mtu angeleta ishirini dirishani, angeona haya. Kwa simu hakuna wa kumwonea haya. Madam aliisoma orodha ile mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, “Kumbe wanaweza.” Alirudi kwenye kiti chake, na mimi nikajua anachowaza. Kama wanaweza bila yeye, basi miaka yote hiyo alikuwa akifanya nini pale?

Jibu lilikuja na Billy.

Billy ni mwendesha bodaboda wa hapa Kawangware. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na miwili, akiendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea mwenye chombo sehemu yake kila jioni, huku kinachobaki akikiweka kwetu kwa simu ili siku moja anunue yake. Aliweka kwa miezi kumi na minne bila kukosa wiki. Alikuwa amebakisha kidogo sana. Jumamosi moja mchana, akiwa amekaa juu ya pikipiki akingoja abiria, mwenzake alimwambia kuna mechi ambayo haiwezi kumwangusha mtu. Billy alitoa simu, akatoa akiba yote, akaibeti kwenye mechi hiyo. Alisema baadaye kwamba kazi yote hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko kuvaa kofia ya chuma. Mechi ilimwangusha.

Jumatatu alikuja dirisha la pili. Hakuwa na fomu, hakuwa na shida ya laini, alisimama tu. Madam alimtambua, kwa sababu mama yake Billy alikuwa mwanachama wetu na yeye alikuwa akija naye akiwa mdogo, akijibu swali kwa niaba yake. Billy alimwita mama kwa lugha ya vijana, akasema maneno machache, na mimi niliyasikia kupitia kioo.

“Mathe, hii simu haikuniuliza.”

Nilimtazama Madam nikidhani atamgombeza, maana kwa kugombeza anajulikana. Badala yake alipitisha mkono chini ya kioo akamshika Billy vidole, akakaa hivyo huku foleni ikingoja. Kisha akaweka kibao cha “Dirisha limefungwa”, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kabla ya saa za kazi kwisha, akapanda ghorofani kwa Duncan.

Duncan ni kijana mzuri na tunampenda, lakini siku hiyo alimjibu kama mtu wa mifumo. “Madam, vijana hawana time. Ukiwaongezea kitu kimoja cha kubonyeza, wanahama. Na pesa ni zao.” Madam alimwambia kwamba pesa ni zao tangu 1994, hajawahi kumnyima mtu, na hataki simu imnyime mtu. Anataka iulize. Walivutana wiki mbili. Mwishowe Duncan alikubali kujaribu kwa wanachama wachache wa steji ya Billy, pale bodaboda zinapongojea abiria, na Billy ndiye aliyewashawishi wenzake.

Jaribio la kwanza lilishindwa vibaya. Duncan alikuwa ameandika: “Mpendwa mwanachama, je, umezingatia mahitaji yako ya siku zijazo? Bonyeza 1 kuendelea.” Wote walibonyeza moja bila kusoma, na mmoja akapiga simu kuuliza kama ametapeliwa. Duncan alishuka na kusema yeye alionya. Madam aliisoma ile sentensi, akauliza, “Hii ni nani anaongea? Mimi siongei hivyo.” Akachukua kalamu yake maarufu, akafuta yote, akaandika maneno mawili na alama ya kuuliza. Akaongeza sharti moja: pasiwe na namba ya kubonyeza. Mtu aandike jibu kwa maneno yake, lolote lile, hata neno moja. Hicho ndicho kiganja.

Leo kila mwanachama wa Tusonge anayetoa zaidi ya nusu ya akiba yake kwa simu huulizwa “Na kesho?” kabla pesa hazijatoka. Wapo waliohama, Duncan hakukosea katika hilo. Waliobaki ni wengi zaidi, na wakati wa kujiunga huelezwa kwamba majibu yao husomwa na Madam Nduku wa dirisha la pili. Ndiyo maana humwandikia yeye. Kila asubuhi alikuwa akiyasoma huku chai ikipoa. “Kesho ni rent, mathe, usinikazie.” “Kesho niko na interview, niombee.” “Kesho? Wee mathe unapenda story.” Baadhi ya maneno aliniuliza maana yake, mengine hata mimi sikuyajua, tukamwita Duncan. Mwaka jana msichana mmoja wa Gatwekera aliandika “Kesho sijui”, akakaa dakika kadhaa, kisha akaghairi asitoe kitu. Madam alinionyesha jibu hilo mara tatu siku hiyo, kana kwamba mara mbili za kwanza sikuliona.

Billy alianza upya na shilingi hamsini. Ilimchukua mwaka mmoja na nusu mwingine. Siku ya kutoa pesa za pikipiki, simu ilimuuliza, naye akajibu: “Kesho nakuja kukuonyesha.” Alikuja kweli, akapiga honi nje mpaka mlinzi akatoka kumfukuza. Kwenye madigadi ya nyuma, bati la kukinga matope, pale ambapo wenzake huandika majina ya timu na ya wapenzi, ameandika NA KESHO? kwa rangi nyekundu. Mkipita mtaani mtaiona. Anaendesha kwa kasi mno kwa mtu mwenye maandishi kama hayo, na Madam amemwambia hivyo.

Kwa hiyo huyu ndiye tunayemuaga. Ukimuuliza kuhusu mafanikio yake atakuambia hajawahi kupungukiwa na hata shilingi akifunga hesabu jioni, na ni kweli. Atakuambia amefundisha makarani tisa, nami ni wa saba, na nilikuwa mgumu kuliko wote. Hatakuambia lile nililoliona Jumanne ya wiki hii, kwa hivyo nitalisema mimi, na akinikasirikia atanikasirikia akiwa amestaafu.

Jumanne baada ya saa za kazi alitaka kuhamisha akiba yake yote aliyoweka kwetu tangu 1994. Hakujaza fomu. Alitoa simu, akavaa miwani, akabonyeza kama kijana. Ikafika pale pa “Na kesho?” Niliona uso wake ukibadilika. Aliiweka simu juu ya meza, akaifunika kwa kiganja, akatazama dirisha ambalo kuanzia Jumatatu halitafunguliwa tena, kwa kuwa tawi limeamua kubaki na madirisha mawili. Mimi nilijifanya nahesabu sarafu. Hatimaye aliandika kitu, kisha akaghairi, akaitia simu kwenye mkoba na kuniaga kama kawaida.

Mnajua kwamba kazi ya kusoma majibu nimekabidhiwa mimi. Asubuhi ya Jumatano nilifungua orodha, nikapitia ya rent na ya karo, nikafika kwenye jina lake. Alikuwa ameandika: “Sijui. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza.”

Madam, nililia, na Duncan alinikuta nikilia, akasoma, naye akaenda kusimama kwenye ngazi. Ulituketisha na kutufundisha kuuliza watu elfu moja na zaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekugeukia. Tunaomba radhi. Tunakushukuru kwa kila jibu uliloliandika kwa penseli na kwa wino, kwa Billy, kwa wote waliosema “nipe nusu”, na kwa kusimama imara mbele ya mkaguzi. Tunakuombea afya njema, shamba lenye mvua kule Machakos na wajukuu wasiokuacha upumzike.

Ijumaa saa tisa tutakuwa sote dirisha la pili, sisi upande wa wanachama na wewe upande wako, kwa mara ya mwisho. Zawadi yako itakuwa juu ya meza. Kiganja changu kitakuwa juu yake, na sitakiinua mpaka utujibu.

Madam Nduku, na kesho?