Viberiti vya Kamanda Vida

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto uje ukae. Leo tunamkumbuka Vida Podlogar, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha kujitolea cha zimamoto hapa Zagriček. Vida Podlogar alifariki Jumanne, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Jana tulimzika. Kofia yake ya chuma ilikaa juu ya jeneza, na king'ora kililia dakika nzima, kama tunavyowafanyia wazimamoto wetu wote.

Watu walilia sana jana. Mimi niliwatazama. Mnisamehe, ndivyo nilivyo, machozi mengine siyaamini. Waliolia kwa sauti kubwa ndio waliokuwa wakivuka barabara wakimwona anakuja. Nitarudi kwenye hilo.

Turudi kwanza kiangazi cha mwaka tisini na nane. Mwaka huo vichanja vya nyasi kavu vilianza kuungua. Cha kwanza Juni. Cha pili Julai. Cha tatu Julai hiyohiyo. Vyote mchana kweupe, wenyewe wakiwa mashambani. Kikosi chetu kilikuwa na watu ishirini na wawili, nami nilikuwamo, nikishika mpira wa maji. Kamanda alikuwa Vida, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho bonde zima.

Mnajua king'ora kikilia inakuwaje. Mtu anakuja alivyo. Vida alikuwa akija na unga wa mkate hadi kwenye viwiko. Mimi nilishawahi kuja nimenyoa shavu moja. Ila Ludvik Mežnar, dereva wetu, alifika wa kwanza siku zote, na alifika nadhifu, mabuti na soksi tayari miguuni. Watu walimpigia makofi. Walisema, "Ludvik ana moyo wa kikosi." Hakuna aliyejiuliza zaidi ya hapo.

Vida alijiuliza. Mume wake, mzee Cene, ameniambia hivi: "Alirudi kutoka moto wa tatu akakaa kwenye ngazi, anavua mabuti. Akaniuliza, 'Cene, nani huvaa mabuti na soksi za sufu mwezi wa Julai, akiwa kwake, hata king'ora hakijalia?' Nikamwambia, mwenye miguu ya baridi. Nilikuwa natania. Hakucheka."

Sasa, Ludvik hakuwa mtu baki. Alikuwa baba wa ubatizo wa Nežka, binti yao wa pekee. Na Cene mwenyewe, barafu ya mtoni ilipompasukia miguuni, ni Ludvik aliyelala kifudifudi akamvuta kwa kola. Mtu kama huyo unamshuku vipi kwa sababu ya soksi? Vida akanyamaza. Mwezi mzima akanyamaza.

Agosti likaungua zizi la bibi Angela, jirani yao. Ng'ombe wake pekee, Liska, aliteketea ndani. Ludvik alifika wa kwanza.

Wiki tatu baadaye ilikuwa sikukuu ya gari jipya la zimamoto. Kila nyumba ilikuwa imechanga, na kila nyumba ikawa mzazi wa ubatizo wa gari, na utepe wake umebandikwa ubavuni. Padre akanyunyiza maji ya baraka. Meza zimejaa soseji na potica, ile mikate mitamu ya sikukuu. Ikabaki jambo moja: kamanda amkabidhi dereva ufunguo mbele ya umma. Ludvik akasogea, amevaa glavu nyeupe. Akanyoosha mkono.

Vida hakumpa.

Aliufumbata ufunguo kiganjani akasogelea kipaza sauti. Nakumbuka maneno yake, maana nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake. Alisema: "Ndugu zangu, kikulacho ki nguoni mwako. Anayechoma nyasi zetu amevaa sare hii. Nilianza kushuku tangu Julai, nikaogopa. Niliogopa mtanichukia. Ng'ombe wa Angela amekufa kwa woga wangu, na hilo ni langu, simsukumii mtu. Mpaka mtu huyo ajulikane, ufunguo utakaa kwangu."

Hakutaja jina. Alikuwa na soksi tu, na soksi si ushahidi. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa mbali na hakusikia, akaona Vida ameshuka jukwaani, akaanzisha polka. Hakuna aliyecheza.

Ee, wasikilizaji wapendwa, wiki zilizofuata. Watu ishirini na wawili, kila mmoja anamtazama mwenzake mikono. Wake walinusa makoti ya waume zao. Wangu alinusa langu.

"Hii harufu ya mafuta ya taa imetoka wapi?"

"Nilikuwa naosha brashi ya rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya dirisha."

"Dirisha lipi, baba watoto? Mbona yote yamepauka?"

Hatukusemezana siku tatu. Na si mimi peke yangu. Dukani watu walinunua kiberiti wakikificha chini ya mkate. Baada ya hapo hasira ikatafuta pa kutua, ikatua kwa Vida. Wakasema, "Amechoma mwenyewe ili tununue gari." Wakasema, "Kofia imemzidi kichwa." Hata bibi Angela, aliyefiwa na ng'ombe, alimwambia langoni: "Ungekuja kuninong'oneza, mwanangu. Sasa umetutia aibu bonde zima."

Hapo ndipo viberiti vilipoanza. Asubuhi nyingi Vida alikuta kiberiti juu ya nguzo ya uzio wake. Hakuna barua. Kiberiti tu, maana yake anaijua kila mtu: mchomaji ni wewe.

Oktoba, Ludvik alikwenda nyumbani kwa Vida. Nežka alikuwepo. Anasema: "Baba yangu wa ubatizo aliweka kofia yake mezani, pembeni ya viazi. Akasema, 'Vida, nilipenda kufika wa kwanza. Basi. Niondolee hii.' Mama alimmenyea kiazi, akala. Kisha wakaenda polisi pamoja, kwa miguu."

Mtasema, basi watu walimwomba radhi. Hapana. Kwenye mkutano wa majira ya baridi tulipiga kura, na Vida hakurudishwa ukamanda. Walisema alisema kweli ila hakuwa na adabu. Viberiti viliendelea hadi theluji ilipoyeyuka. Mtu aliyekosea kukushuku ni mgumu kukusamehe.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimeanza kazi hapa redioni, nikamwalika kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Nikamuuliza, kwa sauti yangu hii ya huruma: "Bi Vida, unawajua walioweka viberiti?" Akajibu: "Baadhi. Mmoja aliniletea cha Austria, chenye picha ya mbayuwayu. Nasikia vile vinawaka vizuri kuliko vyetu." Halafu akaomba chai.

Juzi Nežka alinionyesha droo ya jikoni kwa mama yake. Viberiti arobaini na vitatu, vingi vitupu. Vida alikuwa akiwashia jiko. Alikuwa ameandika tarehe nyuma ya kila kimoja, majina hakuandika. Kimoja tu hakuwahi kukifungua, cha mbayuwayu. Nežka akaniuliza, "Mjomba, wewe unayezunguka, hiki kilitoka wapi? Duka letu halijawahi kuviuza." Nikamjibu, sijui.

Nilisema uongo. Kiberiti kile ni changu. Nilikinunua ng'ambo ya mpaka, nikakiweka pale asubuhi moja ya Septemba, kwa sababu mke wangu alikuwa amelinusa koti langu na nilitaka mtu mwingine anuswe badala yangu. Vida alijua. Alikaa hapa, maikrofoni ikiwa wazi, akaniachia nafasi ya kusema. Nikamtilia sukari kwenye chai.

Mzee Cene, Nežka, na ukoo wote wa Podlogar, poleni. Poleni kwa msiba, na poleni kwa nguzo ile ya uzio. Najua simu hapa studio itaanza kulia sasa hivi, na najua mtakachoniambia. Nimevaa sare ile miaka kumi na tisa, na ndiyo kwanza leo naogopa kama alivyoogopa yeye siku ile.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Viberiti vilikuwa arobaini na vitatu. Mimi niliweka kimoja.